Mguu Tuliotoka Nao Efeso

Kaka yangu mkubwa alimlipia mama safari ya kwenda kuona magofu ya Efeso pamoja na kikundi cha waumini, na mimi nikapewa nafasi ya kumsindikiza kwa sababu mbili. Ya kwanza ilisemwa mbele ya watu: mama ana goti bovu, hajui Kiingereza, na mimi nimemaliza chuo na sina kazi ya kuombea ruhusa. Ya pili kaka aliniambia kwa simu, nikiwa nimesimama nje ya steshenari ya mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, ninakosaidia kutoa fotokopi.

"Mdogo wangu," alisema, "mkirudi, mama awe amekubali kuhama. Ile nyumba haimalizi masika haya."

Nyumba yenyewe iko Bangwe, chini kabisa, kando ya ziwa. Nilipokuwa mtoto ilikuwa na uwanja mpana mbele yake. Watu waliweza kuanika dagaa na watoto bado wakapata pa kuchezea. Miaka ya karibuni ziwa limepanda. Lilichukua uwanja, likachukua choo, likachukua jiko la nje. Michikichi ya baba sasa imesimama majini kama watu wanaoogopa kuoga. Jirani wa kushoto alihama, kuta zake zikabaki ndani ya maji, na samaki wadogo wanaingia kwa mlango na kutokea dirishani. Ukuta wetu wa mbele una ufa ambao mama ameuziba kwa saruji, kisha kwa udongo, kisha kwa kalenda ya kanisa.

Si kwamba hakuwa na pa kwenda. Kaka alishamjengea vyumba viwili huko juu mlimani, vyenye bati jipya na sakafu ya saruji. Mama alivitembelea, akavisifu, akaombea baraka, kisha akateremka kurudi kwake. Shida ilikuwa kaka yetu wa katikati.

Kaka wa katikati alivuka ziwa kwenda Kalemie kuuza sabuni nikiwa bado shule ya msingi. Mwanzoni alituma salamu kwa watu wa maboti, na mara moja alituma kitenge. Halafu salamu zikakoma. Kila aliyetoka ng'ambo alikuja na habari yake. Mmoja alisema ameoa huko ndani, kwenye machimbo. Mwingine alisema hamjui, lakini akasema huku anatazama viatu vyake. Mama hakukubali kuweka matanga. Alisema mwanawe akishuka kwenye boti pale mwaloni atakuja moja kwa moja mpaka kwenye mlango aliotokea.

"Akikuta maji," alikuwa akimwambia kaka mkubwa, "atamuuliza nani? Samaki hao, migebuka?"

"Mama, atauliza majirani."

"Majirani si ndio hao mnawasifu kwa kuhama?"

Mimi kaka huyo namkumbuka kwa vitu vichache, na kikubwa ni mguu wake wa kushoto. Alipokuwa kijana alipasua kuni, panga likateleza, kidole kidogo kikaondoka, kikabaki kijinundu. Wenzake walimwita Nne na Nusu na yeye mwenyewe aliitikia. Asubuhi nilikuwa nikizifuata nyayo zake kwenye mchanga wenye maji, katikati ya nyayo za watu wote waliokwenda kupokea dagaa, na sikuwahi kuzikosa.

Basi nikaondoka Kigoma nikiwa na pasi mpya ya kusafiria, sweta la kuazima na kazi ya kumshawishi mama yangu. Mimi ni mtu wa kufikiri sana. Watu husema hivyo kama sifa. Kwangu ni kama kuishi na redio isiyozimika. Tulipokuwa bado hatujapaa nilishatunga hotuba. Ilianza, "Mama, wewe ni mtu unayejua majira." Nikaona inafanana na mahubiri ya msiba. Nikaibadilisha ianze na baba. Nikaona ni kumtumia marehemu. Juu ya mawingu, mama akila mkate wa ndege na kuweka siagi iliyobaki kwenye pochi, nilikuwa nimeshafika kwenye hotuba isiyo na mwanzo kabisa, ina katikati tu.

Niliahirisha mpaka tufike. Tulipofika nikaahirisha mpaka apumzike. Kwenye basi, kati ya magofu ya mji mmoja na mwingine, nilikuwa nikivuta pumzi ya kuanza, naye ananionyesha mashamba ya mizeituni na kusema ni miti iliyokosa mbolea.

Efeso tulifika asubuhi yenye jua kali. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa nchi ile, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na Kiingereza cha haraka. Mimi nilimtafsiria mama, na wazee wengine wakasogea kusikiliza, wote isipokuwa mzee mmoja wa kanisa, bwana afya mstaafu, aliyekuwa anajua Kiingereza na alitaka ijulikane.

Nilitegemea mama angelia. Wenzake kadhaa walilia walipoambiwa kwamba mtume alipita njia ile. Mama hakulia. Alitembea katika mji ule kama mama mwenye nyumba aliyeonyeshwa nyumba ya kupanga. Aliuliza maji yalitoka wapi. Aliuliza walipikia wapi, maana ameona nguzo nyingi na hajaona jiko. Tulipofika kwenye vyoo vya kale, benchi refu la marumaru lenye matundu yaliyopangwa bila ukuta wala pazia, alisimama muda mrefu.

"Walikaa hivi, mtu na mwenzake?"

"Ndiyo, mama. Anasema walikuwa wanaongea biashara."

"Ego," akasema, kwa Kiha, maana yake ndiyo. "Ndiyo maana mtume aliwaandikia barua."

Bwana afya alicheka mpaka akavua miwani. Paka mmoja alikuwa amelala juu ya tundu mojawapo na hakuamka.

Tukashuka, tukapita mbele ya jengo la vitabu lililobaki uso tu, tukaingia kwenye barabara ya marumaru inayoelekea kwenye uwanja mkubwa wa maonyesho. Hapo katikati ya njia kiongozi akasimama, akatuonyesha jiwe moja lililozungushiwa kijiuzio. Lilikuwa limechongwa mguu wa mtu, wa kushoto, na pembeni yake sura ya mwanamke na alama nyingine zilizofifia. Wanaume wa makundi mengine walikuwa wanaupiga picha na kucheka.

Kiongozi alieleza huku anatabasamu. Alisema watalii huambiwa kwamba lile ni tangazo: mabaharia waliotoka bandarini walioneshwa nyumba ya wanawake wa biashara ilipo, fuata mguu, upande wa kushoto. Halafu akaongeza, kama mtu anayetimiza wajibu, kwamba wataalamu hawakubaliani, na huenda ni alama ya njia tu.

Wazee wakanigeukia. Mama pia. Bwana afya akatazama juu, angani, ambako hapakuwa na kitu.

"Anasema," nikaanza, na nikahisi jasho chini ya sweta la kuazima, "anasema hii ni alama. Ilikuwa inawaelekeza wageni waliotoka bandarini."

"Waende wapi?"

"Mahali pa kupumzika."

Bwana afya akakohoa. Mama aliinama juu ya uzio mdogo kadiri goti lilivyomruhusu. Alivua kiatu cha kushoto, akaunyosha mguu wake hewani juu ya ule wa jiwe, akalinganisha. Mlinzi akapuliza filimbi. Mama akavaa kiatu chake bila haraka.

"Ni wa mwanaume," akasema. "Mwanaume aliyewafuata watu wake."

Sikujua ana maana gani na nikaanza kufikiria. Nilifikiri mpaka tukaufikia uwanja wa maonyesho, ambako umati wa mji ule uliwahi kupiga kelele mchana mzima kumpinga mtume, na kutoka pale tukaiona barabara pana iliyonyooka kuelekea magharibi, yenye nguzo huku na huku. Kiongozi alisema ndiyo barabara ya bandarini. Mwisho wake hapakuwa na bandari. Palikuwa na majani marefu, vichaka na uwanda wa kijani mpaka macho yanapochoka.

"Ziwa lao liko wapi?" mama akauliza.

Nilitafsiri kwa kusema bahari. Kijana akaeleza kwamba mto ulileta matope mwaka hadi mwaka, bandari ikajaa, meli zikashindwa kuingia. Bahari ikasogea mbali. Homa za mbu zikaja. Watu wakaanza kuhama kidogo kidogo, wakaenda kwenye kilima kile, akanyoosha kidole, kile chenye ngome. Mji upo mpaka leo, tutakula chakula cha mchana palepale.

Hapa ndipo. Mungu mwenyewe ameniandalia mfano: maji, nyumba, kilima. Nikafungua mdomo, halafu redio yangu ikawaka. Mfano una kasoro, ilisema. Maji yao yaliondoka, yetu yanakuja. Akikukamata hapo umekwisha.

Mama alikuwa ameketi kwenye kipande cha nguzo, ananyoosha goti.

"Wao maji yaliwakimbia," akasema. "Sisi yanatukimbilia."

Hotuba yangu ikaishia hapo.

"Muulize huyu kijana," akaendelea. "Mtu aliyekuwa safarini. Aliondoka na merikebu mji ukiwa hapa, akakaa huko miaka. Akarudi, akakuta matope na mbu. Alijuaje kwamba mama yake yuko kule kilimani?"

Nilitafsiri. Kijana alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka taratibu. Alisema amefanya kazi ile kwa muda mrefu na ameulizwa kuhusu dhahabu, mitume na vyoo, lakini hilo hapana. Akafikiri. Akasema labda mtu huyo aliuliza watu.

"Watu gani? Wamehama."

Nilipotafsiri hilo, kijana akainua mikono akaishusha. Akamnunulia mama chupa ya maji kwenye kibanda cha karibu, akamfungulia kifuniko, akakataa kurudishiwa hela. Nadhani naye alikuwa na mama mahali.

Mama akanywa, akajipangusa.

"Waliacha mguu," akasema. "Si umeona? Mtu akitoka kwenye chombo anaona mguu, anajua wameelekea wapi."

"Mama..."

"Wewe nyamaza kwanza. Najua umeletwa kwa nini. Tangu tupande ndege unanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Kaka yako amekutuma."

"Amenituma."

"Sasa mwambie nitahama. Mvua kubwa zisinikute kule chini. Lakini mguu utachorwa, na nitauchora mimi."

Kazi iliyonileta ilikuwa imekwisha, na badala ya kushukuru nikaingia kwenye mateso mapya. Nikimwambia ule mguu watu wanausemaje, ataona aibu, pengine atakasirika na kubaki majini. Nisipomwambia, mama yangu, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, atakwenda kuweka kwenye mwamba wa Bangwe tangazo la nyumba ya malaya. Na bwana afya anajua. Chakula cha mchana, huko kilimani, sikukiona kilivyopita.

Nilimpigia kaka kwa simu ya mtandao. Alicheka mpaka mkewe akauliza kuna nini.

"Kaka, siyo kichekesho."

"Amesema atahama au hajasema?"

"Amesema."

"Mwache achore. Achore hata kiboko."

Tulirudi nyumbani. Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda wa safari, na nikajikunja kwenye benchi nikitafuta kitu cha kuangalia. Aliwaambia watu kwamba Efeso ni mji mzuri lakini jua lake ni kali, vyoo havina mlango, na watu wake walipohama waliacha mguu kwenye jiwe kwa ajili ya ndugu zao waliokuwa safarini. Kanisa likasema amina. Bwana afya, aliyekaa mbele yangu, alisema amina kwa nguvu kuliko wote, kisha akageuka na kunikonyeza.

Kuhama kulichukua siku nzima. Vijana wa mtaa walibeba kitanda, kabati, mitungi ya mawese. Kaka alikuja, akapanda paa kung'oa bati kwa mikono yake, na nilimwona amekaa juu ya boriti muda mrefu bila kung'oa kitu, anatazama ziwa. Mama hakutazama. Yeye alikuwa ameshanunua kopo la rangi nyekundu ya mafuta na brashi, na alikuwa akiliuliza goti lake kama litaweza.

Mwamba alioutaka uko juu kidogo ya nyumba, mahali njia ya kutoka majini inapoanza kupanda. Mtu akija kwa boti anauona. Nilimshika kiuno ili asiteleze. Alichora unyayo kwanza, mkubwa kama karai, kisigino kuelekea ziwani na vidole kuelekea mlimani. Alichora kwa utulivu, ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikashindwa. Nilijua nikiacha pale sitalala tena.

"Mama, kuna kitu sikukutafsiria kule. Kuhusu mguu. Yule kijana alisema watu husema ulikuwa unaelekeza... kwenye nyumba ya wanawake."

Brashi haikusimama.

"Wa aina gani?"

"Wa kujiuza."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilimwona mwanamke aliyechorwa pembeni. Nikawaona wale wanaume wanavyocheka. Na wewe ulivyotoka jasho. Mimi nimezaa watoto watatu, au unadhani niliwaokota mvua ilipokatika?"

Alichovya brashi, akaikamua kwenye ukingo wa kopo.

"Na kaka yako namjua," akasema. "Akishuka hapa akaona mguu, akadhani ni hiyo nyumba unayoisema, si ndiyo atapanda mbio zaidi?"

Nilicheka, naye akacheka, tukacheka tukiwa tumeshikana ili tusianguke majini, na sikumbuki ni wakati gani katika kucheka kule nilipoona anajipangusa macho kwa mkono wenye rangi.

Kisha akachora vidole. Cha kwanza, kikubwa. Kingine, na kingine, na kingine. Cha mwisho, upande wa nje, hakukichora. Aliweka tone moja tu la rangi, akalizungusha kwa ncha ya brashi mpaka likawa kijinundu.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Nilikuwa nimemshika kiuno muda wote na sikuwa nimeliona hilo.

Sasa mama anaishi juu. Nyumba ya chini ilianguka mvua zilipokolea, upande wa mbele kwanza, na tulisikia habari zake kwa watu, hatukuwepo. Mwamba umebaki. Waendesha bodaboda wanapaita Mguuni, na ukisema unashuka Mguuni hawakuulizi zaidi. Akina mama wanaotoka ng'ambo na vitenge huja mpaka kwake. Wanaona mguu, wanapanda kuuliza kama ni dukani. Mama huwakaribisha, huwapa ugali wa muhogo na dagaa, kisha huwauliza kama huko wamemwona mtu wa umri fulani, anayetembea hivi. Mpaka sasa hawajamwona. Wengine hununua mawese na kushuka.

Mara kwa mara mtu humwambia kwamba mchoraji wake alikosea. "Mama, kidole kimoja hakikuisha," walisema vijana wa mtaani, na mmoja wao, fundi rangi wa maboti, akajitolea kukimalizia bure. Mama alimshukuru, akamwambia aache.

Asubuhi moja nilikwenda kumtembelea kabla ya kufungua steshenari. Nilikuwa nimepanga kumweleza juu ya usaili wa kazi nilioitiwa Kasulu, na njia nzima nilikuwa natafuta sentensi ya kuanzia. Nilipofika kwenye mwamba nikaona mtu mwenye moyo mwema amekikamilisha kidole. Kilikuwa kizuri, kimechorwa na mkono unaojua kazi, chenye rangi mbichi inayong'aa kuliko mguu wote.

Sikufikiri. Niliweka mkoba chini, nikavua sweta, nikafuta kwa upindo wa fulana yangu, na palipobaki nikakwangua kwa ufunguo wa steshenari mpaka kijinundu kikaonekana tena. Niliporudi nyuma kuangalia, mama alikuwa amesimama juu ya njia, amejishika nyonga, ananitazama.

"Upande wa nje bado," akasema. "Kwangua."